Haikuwa Kole Yako, Wabiwa

Wabiwa, mutoto wa dada yangu,

Nakuandikia juu ya kinywa changu, unakijua. Nikianza na samaki moja ya kushikwa ku Ubwari, mbele ya kufika ku mukia yake inakuwa imebebwa na banaume bane. Lakini kuandika kunanichosha. Mi nilifika mwaka wa tano wa primeri, na ule wa tano wenyewe nilichungulia tu ku dirisha. Kila neno naliandika kama mutu anayepanda mulima na gunia ya mihogo ku kichwa. Nimewaza, labda hapa uongo utachoka mbele yangu.

Ku kaburi yako nimeenda mara tatu. Nilisimama pale, nikataka kusema, nikajikuta nakueleza habari ya mvua. Nikarudi. Ndiyo maana leo nimefunga ateliye yangu ya kutengeneza gitare muchana, saa ya kazi. Batu banapita njiani banaulizana, "Muzee Alimasi ni mugonjwa?" Na mi niko ndani, naandika na ile kalamu ya risasi ya kupimia mbao.

Jambo lenyewe ni hili, nilitupe chini mbele sijaanza kulizunguka. Gitare yako, mi ndiye niliiharibu. Na batu ba korali ya kanisa balisema ni we, ni kole yako mubaya, ile gundi ya kambini, juu mi ndiye nilibaambia vile. Ulilijua. Najua ulilijua. Lakini hukulisikia kutoka kinywani mwangu, na sasa masikio yako hayako.

Acha nipumzike kidogo nikupe habari ya nyumbani.

Bwana yako Amisi iko. Anaenda bado ku ziwa, anarudi, anakaa mbele ya mulango na nyavu ku magoti, na mutu akimusalimia anajibu kisha anasahau kama amejibu, anajibu tena. Barabara ya kupanda Fizi mvua imeikula, mapikipiki yanapita banayabeba ku mabega. Batu ba Misisi banaleta bado gitare zao za kung'aa, zile za plastiki, nyekundu kama pipi. Zamani nilikuwa nabaambia, "Pelekeni kwa ule mutoto pale." Sasa banaangalia kiti yako ya kazi mu ateliye, kisha banaangalia mi. Ningekuambia nimeifunika kiti yako na kitambaa kizuri. Hapana. Nilikuwa nimetupa juu yake vipande vya mbao na makopo ya rangi, wiki mbili nzima, kisha haya ikanishika nikaviondoa.

Unakumbuka siku ya kwanza ulipoingia ateliye? Mulikuwa mumevuka ziwa, we na bakimbizi bengine, mumetoka kambini kule Tanzania, mama yako amebaki kule mu udongo, na we uko na mufuko mweusi mugongoni kama kobe. Ukaufungua. Nikaona ile gitare, nyeusi yote, tumbo la plastiki lenye nyuzi nyuzi ndani kama nywele zilizogandishwa, shingo nayo si mbao, ni kitu ya kuyeyushwa ikakauka ngumu. Nikaigonga na kidole. Nikakuuliza mbele ya batu:

"Mutoto, hii ni gitare ao ni bidoni ya mafuta?"

Na we, bila kuinua macho: "Mujomba, mvua ikinyesha mwezi mzima tutajua gani ni bidoni na gani ni sanduku ya kuvimba."

Batu balicheka mpaka muuza sabuni akaangusha bidhaa yake. Nilicheka na mi, lakini ndani niliumia. Na mvua ilinyesha kweli. Gitare zangu tatu za mbao zilivimba, yako ikabaki vile vile, imekauka, inaniangalia.

Kazi yangu unaijua, sina haja ya kujisifu. Basi nitajisifu kidogo. Toka Baraka mpaka Fizi hakuna mutu aliyeweka barete nyingi kuliko mi, vile vyuma vyembamba vinavyokata shingo ya gitare kama ngazi. Na nilifanya bila vitu vya dukani. Rayo za kinga, zile njiti za chuma za gurudumu ya baiskeli iliyokufa, nazipiga tupa upande moja, naziacha nene kidogo kuliko mukato wake, kisha nyundo. Pa! Mbao inafunguka kidogo, inalalamika, kisha inaibana ile rayo na haiwezi kuitoa tena. Nilimutengenezea mutu wa Minembwe gitare yake iliyokanyagwa na ng'ombe. Alipoipiga kule juu, ng'ombe yenyewe ilikuja ku mulango kuomba samahani. Hii hadithi niliisema mara ngapi? We ulikuwa unaihesabu na vidole nyuma ya mugongo wangu, ukifikiri sikuoni.

Lakini yako ilikuwa kazi ingine. Ulikuwa unachukua kiwembe, unakiingiza mu mukato wa shingo, taratibu, unasikiliza na vidole. Kikicheza, mukato ni mupana. Kikikataa, muembamba. Chuma ulikipiga tupa mpaka kinaingia na kidole tu, bila nyundo, kisha kole ya tube mbili, unachanganya ku kipande ya bati, unaweka, unafunga yote na mupira wa ndani ya kinga, unaenda nyumbani. Nilikuwa nasema, "Hii si ufundi, hii ni kulea mutoto." Na we: "Mujomba, plastiki haisukumwi. Ukiisukuma haisemi kitu, inakungojea mwisho."

Nilijibu kwamba nilianza ufundi mbele mama yako aote meno. Ilikuwa uongo. Dada yangu alikuwa mukubwa wangu kwa miaka mitatu.

Sasa nafika.

Ile wiki ulienda Ubwari na Amisi, ku kilio ya baba yake. Gitare uliiacha ku ateliye. Ulikuwa umetoa barete za zamani zote, mikato umeisafisha, shingo iko wazi kama ufizi bila meno. Uliniambia, "Mujomba, usiiguse, nikirudi nitaimaliza mbele ya sikukuu ya korali." Nilisikia. Masikio yangu yalikuwa mazima.

Jumatano Mama Rehema akaja, ule mukubwa wa korali, na bamama wengine wawili nyuma yake. Ziwa lilikuwa limechafuka, mashua hazivuki, na sikukuu ilikuwa Jumapili. Akauliza kama utawahi kurudi kubapigia gitare. Ningejibu "sijui", ni neno moja tu. Badala yake nilipiga kifua:

"Mama, unamungojea mwanafunzi na mwalimu iko hapa? Leo mangaribi gitare itakuwa imekwisha."

Mwalimu! Bamama balifurahi. Moja akasema, "Kumbe ndiyo maana mutoto anajua, ni damu." Na mi sikubaambia kwamba mambo ya plastiki sikukufundisha hata moja.

Sikufungua mufuko wako. Gitare ilikuwa nje, juu ya meza, na mufuko ulining'inia ku musumari, karibu na kichwa changu. Shika hilo neno, nitalirudia na litaniumiza.

Nilichukua rayo. Nilizipiga tupa vile nimezoea, nene kidogo. Nyundo. Ya kwanza iliingia, nikasema, unaona? Ya pili, ya tatu. Haikulalamika kama mbao. Ilinyamaza. Nilifika ya kumi naimba. Nilifika ya makumi mbili, ya mwisho, nikafunga kamba, nikakaza, nikapiga.

Ilitoa sauti ya nzi mu chupa.

Nikaweka rula ya chuma juu ya shingo. Shingo ilikuwa imekunjama kwenda nyuma, Wabiwa, kama mutu anayekwepa kofi. Kila rayo ilikuwa kabari. Mbao ingekula ule unene, plastiki haikula, iliusukuma kwa jirani yake, na jirani kwa jirani, mpaka shingo nzima ikainama. Nikaogopa. Na mutu akiogopa anafanya haraka. Nilitia feri, ile chuma ya kuunguzia, mu makaa mpaka ikawa nyekundu, nikaigusisha ku rayo ya saba ili niitoe na moto, vile natoa ku mbao. Plastiki ilichemka. Ilitoa kitu kama lengelenge, na harufu ile, sijui niiseme namna gani, ile harufu iko bado mu pua yangu nikilala.

Mama Rehema alikuja mangaribi. Aliangalia, akashika kinywa. "Muzee Alimasi, ni nini hii?"

Nilikuwa na muda wa kuhema mara moja. Nikasema:

"Nimeikuta hivi, mama. Mutoto aliweka kole yake ya kule kambini, imekula shingo. Mi nimejaribu kuokoa."

Maneno yalitoka malaini, kama yalikuwa yananingojea. Alitikisa kichwa. Akasema, "Maskini, na alivyojivuna na hiyo kole." We! We uliyejivuna lini? Ni mi.

Ulirudi Jumatatu, sikukuu imepita, korali imeazima gitare kwa jirani. Ulikuta batu banakusalimia na huruma. Ukaingia ateliye. Nilijifanya nachonga kitu. Uliichukua gitare, ukaigeuza ku mwanga, ukapitisha kidole juu ya ile lengelenge, kisha juu ya alama za nyundo. Nyundo yangu imevunjika pembe moja, kila mutu anaijua, inaacha alama kama ukucha wa mwezi. Zilikuwa pale, nyingi kama nyayo za kuku.

Nilingojea unitukane. Ungenitukana ningekutukana pia, na mambo yangekwisha mu kelele. Ulisema tu, "Haya, mujomba." Ukaiweka mu mufuko, ukafunga zipu polepole, ukaibeba nyumbani.

Ulininyamazia juu mi ni mujomba. Juu kwetu mutoto wa dada hamuvui nguo mujomba mbele ya batu. Mi niliiona ile heshima, nikajificha nyuma yake kama mwizi nyuma ya mugomba.

Kisha batu bakaanza kupungua ku kiti yako. Mutu wa Misisi anakuja, anauliza, "Ni ule wa kole?" Banarudisha gitare mu mufuko. Korali ikakuambia upumzike kwanza. Uliendelea kuja, ulikuwa unakaa pale unanoa tupa ambazo zimekwisha kunolewa. Na mi, mita mbili kutoka kwako, nilikuwa naeleza bakliyan, bateja wetu, habari ya ng'ombe.

Ulipougua, nilikuja kukuona kila siku mbili. Ile siku ya mwisho ulikuwa umeegemea ukuta, macho makubwa. Amisi alitoka kuteka maji. Ukaniuliza:

"Mujomba, hauna kitu ya kuniambia?"

Nilikuwa nacho. Kilifika ku ulimi. Wabiwa, naapa kilifika. Na nikafungua kinywa nikakuambia habari ya mamba wa Ubwari aliyemeza redio, akawa anatoa habari tumboni kila asubuhi. Ulicheka. Ulicheka mpaka ukakohoa, ukanishika mukono, ukasema, "Mujomba, we!" Ndiyo maneno ya mwisho ulinipa. Batu bananiambia, bahati yako, ulimuchekesha mbele aende. Hawajui walichokisema.

Na ku mazishi nilipewa neno, vile mujomba anapewa. Nilisimama. Nilisema ulikuwa mutoto mwema, unaheshimu bakubwa. Kuhusu kazi ya mikono yako sikusema kitu. Mujomba ndiye anayesimulia kazi ya marehemu, batu bote banajua, na kunyamaza kwangu kulikuwa kama kutia saini.

Mwezi moja baadaye Amisi akaleta mufuko mweusi. "Mujomba, we ni fundi, angalia kama inaweza kupona. Korali banaweza kuipiga siku ya kutoa matanga." Alisema vile bila hasira. Sijui kama anajua. Nadhani ulimuficha hata yeye.

Nilifungua mufuko. Mara ya kwanza. Mu mufuko mudogo wa pembeni, pale unaweka kamba, kulikuwa na karatasi ya daftari imekunjwa. Ndani, barete makumi mbili. Zimepigwa tupa tayari, zimekunjwa kidogo kufuata mugongo wa shingo, kila moja imevaa kipande ya karatasi yenye namba, moja mpaka makumi mbili, mwandiko wako ule wa kusimama wima. Ulizitengeneza mbele uende Ubwari. Ile Jumatano zilikuwa zinaning'inia karibu na sikio yangu. Ningenyosha mukono tu.

Nilikaa chini. Batu bakaja ku mulango bakarudi.

Nilifanya kazi yako kwa siku tisa, na sikufanya ingine. Nilitoa rayo zangu moja moja, baridi, bila moto, na pensi, ile koleo ndogo, niliyoisawazisha mudomo ili isikwaruze, nikazitia mu kopo. Kila nilipotoa moja, shingo ilirudi kidogo, kidogo vile hata jicho haliamini, ni rula tu iliyoniambia. Pale mikato ilikuwa imepanuka na kumeguka nilichanganya kole yako na vumbi nyeusi ya plastiki, nikajaza, nikangoja siku nzima. Mi, kungoja! Nikakata upya na ule musumeno wako muembamba wenye karatasi ubavuni, ya kukuonyesha uishie wapi. Nikaingiza kiwembe. Mara tatu kilicheza, mara tatu nikajaza tena. Barete zako ziliingia na kidole. Ya saba ilinisumbua juu ya ile lengelenge. Niliisugua ikalala, lakini doa limebaki. Sikulipaka rangi.

Nikafunga yote na mupira wa kinga, nikaenda nyumbani, kama we.

Siku ya kutoa matanga, bakanipa neno tena. Batu walijaa mpaka nje ya kiwanja. Nilisimama na gitare mukono moja, kopo mukono mwengine, nikasema: "Gitare hii aliyeiharibu si Wabiwa. Ni mi. Na nilibadanganya."

Balicheka.

Balicheka, mutoto wangu! Balifikiri nimeanza hadithi. Moja akapaza sauti, "Muzee Alimasi, na ng'ombe aliomba samahani tena?" Bakapiga makofi bakingojea niendelee. Maisha yangu yote natafuta ile kicheko, na siku ile ilinipiga kama mawe. Nilisema tena, nguvu zaidi. Bakacheka nguvu zaidi. Nilimwaga kopo juu ya mukeka, zile rayo zote za kinga, zimepindika. Nikatoa nyundo yangu mu mufuko wa koti, nikampa Mama Rehema, nikamwekea gitare ku magoti.

Aliangalia pembe ya nyundo iliyovunjika. Akaiweka juu ya alama moja ya shingoni. Ikakaa. Akaiweka juu ya ingine. Ikakaa. Kicheko kilikufa kutoka mbele kwenda nyuma, mpaka bale ba nje bakanyamaza bila kujua sababu.

Akaniuliza, polepole, si kwa kunikemea: "Na kwa nini hukusema akiwa hai?"

Batu bote bananijua, mi sijawahi kukosa jibu. Ile siku niliinama nikaokota rayo moja moja ku mukeka. Yeye mwenyewe akaangalia pembeni, akasema, "Na sisi tulimunyima kiti yake bila kumuuliza."

Korali balipiga wimbo wako, ule wa kuanza na kamba mbili za chini. Gitare ilisema sawa, safi, kila barete. Ningependa kukuambia ilisikika mpaka Ubwari. Ilisikika mpaka barabarani, basi. Amisi alifunika uso na kofia.

Jina yako limesafishwa, Wabiwa, ile sehemu niliyoweza kufikia. Kuko batu ba Misisi balioondoka na ile habari ya kole na sitabaona tena. Kuko Jumapili zako zilizopita, ukikaa kwenye benchi ya nyuma ukiimba kwa chini. Hizo sina tupa ya kuzisawazisha.

Nakuahidi hivi. Kila mutu atakayeweka gitare ya plastiki juu ya meza yangu, mbele sijaigusa nitamuambia: kazi hii alinifundisha Wabiwa, mutoto wa dada yangu, na mi nilimuharibia shingo na kumusingizia. Nimeishabaambia watatu. Moja alibeba gitare yake akaenda. Ni haki yake. Wawili bakabaki.

Kuko neno moja sikukupa hata siku moja. Nilikuita mutoto, nilikuita mwanafunzi, mbele ya bakliyan nilikuita "ule pale". Hili lingine nililishika kwangu kama mutu anayeficha chumvi, na halikuwa langu.

Lala salama, fundi.

Mujomba wako,
Alimasi